Wino wa Kusaga

Mzee Tak aliniuliza swali moja tu, na mimi nikamjibu uongo. Watu wakisikia habari hii huanza kumlaumu mzee wa watu, ndiyo maana nataka niieleze mwenyewe, kwa mdomo huuhuu ulioiharibu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kumi, mwaka tisini na tisa. Mdogo wangu Hak-su alipanda treni ya alfajiri kutoka Busan, nami nikamngoja pale njia ya Insa-dong inapoanzia, mtaa wa maduka ya karatasi na brashi, nimekumbatia karatasi iliyokunjwa mviringo ndani ya kitambaa. Ilikuwa barua ya mama. Mama alitutoka mwezi wa kumi na moja wa mwaka uliotangulia, kwa hiyo zilibaki wiki tano tumfanyie ibada ya mwaka wa kwanza. Nilitaka siku hiyo barua iwe imetundikwa ukutani, juu ya meza ya vyakula vyake. Ilikuwa imeandikwa kwa Hak-su, na Hak-su alikuwa hajaisoma.

Mama hakwenda shule hata siku moja. Jina lenyewe walimwita Gan-nan, yaani kichanga, kwa sababu alikuwa msichana wa nne na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jingine. Alipofika miaka sabini na moja akajiunga na darasa la mabibi pale ukumbi wa mtaa, akaanza kujifunza herufi. Mwisho wa mwaka mwalimu akawagawia kila mmoja karatasi kubwa nzuri, waandike barua za maonyesho. Chini kabisa, mwalimu mwenyewe alikwisha kuandika jina la kila bibi na tarehe, kwa wino wa kusaga kwenye jiwe, mwandiko wa kupendeza. Mama akaichukua yake nyumbani. Maonyesho yakapita, karatasi haikurudi. Nilikuja kuikuta baada ya mazishi, chini ya mablanketi ya majira ya baridi, imejazwa kutoka juu mpaka chini. Pembeni yake ilikuwa kalamu ya brashi niliyomnunulia mimi kwenye duka la madaftari karibu na kituo cha basi, kwa sababu kusaga wino kulimuumiza kiwiko cha mkono.

Sasa, Hak-su na mama walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja. Hak-su alioa mjane mwenye mtoto, mama akakataa. Siku ya harusi kiti cha mama wa bwana harusi kilikaa kitupu mbele ya watu wote, na mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya kiti hicho, nikitamani ardhi inimeze. Kwenye msiba Hak-su alivaa nguo za kufiwa, akapokea wageni siku tatu, akainama kila alipotakiwa kuinama, na hakutoa chozi.

Nilipompigia simu kumwambia kuna barua yake, akauliza:

"Imesema nini?"

"Njoo utaisoma."

"Nisomee, dada."

"Barua ya mama haisomwi kwenye simu kama bei ya kabichi. Acha niipeleke ibandikwe vizuri, utaisoma imetundikwa."

Hivyo ndivyo nilivyo. Nauza kimchi, kabichi ya kuchachusha, sokoni miaka ishirini na minane, nimezoea kuamua mimi. Ningeweza kumsomea siku ileile, ilikuwa dakika tatu. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi mpaka nikaijua yote kwa kichwa, au ndivyo nilivyojidanganya.

"Umenenepa," nilimwambia alipofika.

"Na wewe bado unaamrisha kabla ya salamu," akasema. Akaichukua ile karatasi mikononi mwangu, akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Niliona.

Duka la Mzee Tak liko kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya karatasi. Kazi yake ni kubandika maandishi na michoro ya watu kwenye karatasi nyingine za mgongo, ili vikae miaka mia. Anatumia gundi ya unga wa ngano anayoivundika kwenye mitungi kwa miaka mingi, na duka zima linanuka hiyo gundi. Ana miaka sabini na minane, mkono wake hautetemeki hata kidogo. Asubuhi ile alikuwa na mteja mwingine, bwana mmoja wa makamo mwenye koti la sufi, aliyeleta maandishi ya babu yake, herufi za kale za Kichina zinazotiririka vizuri mpaka zinatia hasira.

Nilimrudisha Hak-su mlangoni. "Simama hukohuko, usichungulie. Utaisoma siku yake."

"Sawa, jenerali," akasema, akatugeuzia mgongo.

Mzee Tak akaifungua barua mezani. Kusema kweli mwandiko wa mama ulikuwa mbaya. Herufi moja kubwa, moja ndogo, mistari inapanda na kushuka. Yule bwana wa koti akatabasamu, wala si kwa ubaya.

"Ni mwandiko wa mjukuu?"

"Wa mama yangu."

Akainamisha kichwa akaomba radhi. Lakini moto ulikwisha kuniwaka. Na ndipo Mzee Tak aliponiuliza, bila kuinua macho, "Ni wino wa kusaga, binti yangu, au wa kalamu?"

Nilijua jibu. Kalamu niliinunua mimi. Ila nilimwona yule bwana na babu yake pale pembeni, na nikaona aibu kusema mama yangu aliandika kwa kalamu ya dukani iliyopangwa pamoja na vifutio vya watoto.

"Wa kusaga," nikasema, kwa sauti ya sokoni. "Aliusaga mwenyewe, asubuhi nzima."

Hak-su akageuka pale mlangoni. "Mama alisaga wino?"

"Alisaga."

"Kwa mkono ule mbovu?"

"Kwa mkono uleule."

Uso wake ukabadilika. Sijui niuelezeje, kaka mtu mzima wa miaka arobaini na tisa. Alitazama chini, akawa anasugua kidole gumba juu ya kiganja, polepole, mzungukomzunguko, kama anayesaga. Basi tena, uongo ukawa umeshapata mwenyewe. Ningeurudishaje?

Mzee Tak akasema ataanza saa nane mchana, akishakula. Tukatoka.

Tulikuwa na vitu vya kununua kwa ajili ya ibada, ubani na bakuli za mbao, lakini hatukuwa na haraka. Jumapili magari hayaruhusiwi njia ile, watu wanatembea katikati ya barabara wanavyotaka. Hak-su alininunulia chapati ya sukari ya moto, nikaiuma bila kuipoza, sukari ikanichoma mdomo.

"Miaka hamsini na mitatu na bado hujajifunza kupuliza," akasema.

"Nyamaza, nipe maji."

Muuza peremende za wali alikuwa anapiga makasi yake kuita wateja, ka-ka, ka-ka, na Hak-su akasimama. "Unakumbuka mama alikuwa anazificha kwenye mtungi wa mchele? Mimi naiba, halafu nakwenda kula chooni."

"Alijua. Alikuwa anaziweka huko ili uibe."

"Alijua?"

"Wewe ulidhani peremende zinaota kwenye mchele?"

Akacheka. Jamani, kaka yangu alicheka kwa jambo la mama, jambo ambalo sikulisikia kwa miaka kumi na moja. Hata msibani watu walipokuwa wanakumbushana vituko vyake, yeye alitoka nje kuvuta sigara. Sasa alikuwa anaongea mwenyewe, bila kuulizwa. Tukaingia kunywa chai ya tende mahali tulivu, akakaa anazungusha kikombe.

"Nilidhani aliandika kwa sababu mwalimu aliwalazimisha," akasema. "Zoezi la darasa tu. Lakini mtu hasagi wino asubuhi nzima kwa ajili ya zoezi."

Nikanywa chai. Hapo ndipo pa kusema, najua. Ningesema, Hak-su, niliongeza chumvi, ni kalamu tu, lakini barua ni ya kweli. Nikamtazama alivyokaa, nikasema chai yao siku hizi nyepesi.

Tulipotoka akataka jiwe la kusagia na kijiti cha wino. Siku ya ibada mtoto mkubwa wa kiume ndiye huandika jina la marehemu kwenye ile karatasi inayosimamishwa mezani kisha kuchomwa, na Hak-su alitaka aandike kwa wino aliousaga mwenyewe. Kama mama, alisema. Nikampeleka kwa Bi Noh, mwenye duka la brashi, mwanamke tunayefahamiana tangu zamani kwa kuwa kimchi yake hununua kwangu.

Bi Noh ni mtu wa maneno. Akamtolea Hak-su mawe matano, akamsifia kila moja, halafu akachukua kalamu ya brashi kwenye kopo.

"Wavivu wanatumia hizi. Ngoja nikuonyeshe tofauti." Akachora mstari kwa kalamu. Pembeni alikuwa na karatasi yenye mstari mwingine uliokauka, wa wino wa kusaga. Akachovya kidole kwenye maji, akadondoshea tone huku, tone kule.

Mstari wa wino wa kusaga ukabaki palepale, mweusi. Ule wa kalamu ukafumuka. Ukatanda rangi ya zambarau pande zote, mpaka mstari wenyewe haukuonekana ulianzia wapi.

"Umeona? Mafundi wa kubandika wanazichukia kufa. Wao lazima walowanishe karatasi kwanza. Ukiwapelekea kitu cha kalamu bila kuwaambia, umekwisha."

 Naapa sikujua. Nilidhani wino ni wino, tofauti ni heshima tu. Nikatazama saa ya ukutani, saa saba na dakika kumi. Mzee Tak alisema saa nane. Nikapiga hesabu zangu za kijanja. Nitasema nakwenda msalani, nikimbie nikamnong'oneze mzee, nirudi, Hak-su asijue chochote. Muda ulikuwepo.

Lakini Hak-su alinishika mkono. "Dada, hili au hili?"

Alikuwa ameshika mawe mawili, anayapima, amefurahi. Nikasema hili. Akasema, lakini hili lina kifuniko. Tukabishana kuhusu kifuniko. Sikutaka aone wasiwasi usoni kwangu, kwa hiyo nikabishana vizuri kabisa, kwa dakika kumi na mbili. Nazihesabu mpaka leo. Halafu nikasema nakwenda msalani.

Kwanza nikaingia kwenye kibanda cha simu. Simu ya Mzee Tak ikaita, ikaita, haikupokelewa. Nikaanza kukimbia. Katikati ya njia kundi la wapiga ngoma za wakulima lilikuwa linacheza, watu wamejaa ukuta kwa ukuta, watoto mabegani mwa baba zao. Nikapenya kwa viwiko. Mtu mmoja akaniambia, mama, heshima kidogo, nikamjibu tusi ambalo sitalirudia hapa. Nilipofika kichochoroni kifua kilikuwa kinauma, na nyuma yangu nikasikia, "Dada! Mkoba wako!" Niliuacha kwa Bi Noh. Hak-su alikuwa amenifuata njia nzima.

Tukaingia kwa Mzee Tak pamoja.

Barua ilikuwa mezani, imelazwa kifudifudi, imelowa yote. Mzee alisimama juu yake na brashi pana mkononi, hajongei.

"Jua lilikuwa zuri," alisema. "Nikaona nianze mapema."

Kupitia mgongo wa karatasi tuliuona wino. Ulikuwa unatembea. Kila herufi ilikuwa inavimba taratibu na kuungana na mwenzake, zambarau, kijivu, zambarau. Haukuwa na haraka wala hakuna aliyeweza kuuzuia.

"Iinue," nikasema.

"Ikiinuliwa imelowa hivi inachanika."

"Basi ikaushe."

"Binti yangu, ninaikausha." Akaweka karatasi kavu juu yake, akagandamiza kwa kiganja, akaifunua. Karatasi kavu ilitoka na doa la zambarau, na ndani ya doa tuliona kipande cha herufi, mkia wa kitu. Ilikuwa imenyonya maneno ya mama. Akaweka nyingine. Ya tatu akaishika, akaitazama, akairudisha kwenye rafu. "Nikiendelea nitaondoa hata kilichobaki."

"Kwa nini hukujaribu kwanza?" nilimfokea. Naam, nilimfokea, mzee wa watu. "Miaka arobaini ya kazi hujui kujaribu?"

"Nilijaribu. Nilitia kitambaa chenye maji pembeni, pasipo na maneno mengi, pale penye jina na tarehe. Hapakutoka kitu. Wino safi wa kusaga, kama ulivyosema."

Jina na tarehe. Mwandiko wa mwalimu.

Hak-su alinitazama. Si mjinga, mdogo wangu. "Jina aliandika nani?"

"Mwalimu."

"Na barua?"

Nikageukia mitungi ya gundi.

"Dada. Mama alisaga wino au hakusaga?"

"Alitumia kalamu," nikasema. "Nilimnunulia mimi."

Akauweka mkoba wangu kwenye kiti, na kile kifurushi chenye jiwe akakiweka sakafuni. Hakupaza sauti. Ningeomba apaze. Mzee Tak akatuvutia viti viwili, tukakaa watu watatu tukiitazama karatasi inavyokauka, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Nje ngoma zilikuwa zinaendelea. Baada ya nusu saa hivi mzee aliigeuza kwa vijiti viwili vya mianzi. Juu mpaka chini ilikuwa wingu moja la zambarau. Chini kabisa, nyeusi, safi, kila mstari mahali pake, palisomeka jina lake kamili, Ban Gan-nan, na tarehe. Ndicho kitu pekee ambacho mama hakukiandika.

"Mzee," Hak-su akasema, "wewe uliisoma?"

"Sisomi barua za watu, mwanangu. Nikisoma mkono hautulii."

"Hukutoa hata kopi?" aliniuliza mimi.

Soko letu lina mashine za kopi mbili. Nilitikisa kichwa.

"Basi niambie ilisema nini."

Hili angalau niliweza. Nikafuta uso, nikanyoosha mgongo, nikasema kama ilivyoandikwa: "Hak-su. Ni mama yako. Nimejua kuandika. Siku ya harusi yako nilikuja. Nilikaa kituo cha basi ng'ambo ya ukumbi mpaka watu wakatoka. Ulivaa suti ya kijivu. Mkeo ana uso mzuri, na mtoto ulimshika mkono. Nilitaka kuvuka barabara. Sikujua nikifika nitasema nini. Mpaka leo sijui, ndiyo maana nimejifunza kuandika."

Mzee Tak aliinuka akaenda kushughulika na mitungi yake. Hak-su aliinamia ile karatasi. Nikadhani sasa atalia, na mimi nilie naye, yaishe.

"Suti ilikuwa ya kijivu," akasema.

"Ndiyo."

"Na mtoto nilimshika mkono tukitoka."

"Ndiyo, aliona."

"Wewe pia uliona. Ulikuwepo."

Nikaelewa alikokuwa anakwenda, na sikuwa na njia ya kumzuia. "Hak-su, naapa. Naapa kwa mama."

"Asubuhi nilikuuliza kama ni kwa mkono ule mbovu. Hukupepesa hata jicho." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananisihi. "Dada, mimi nataka kuamini. Nitaaminije? Umekuwa ukitaka tupatane miaka yote hii. Ungeweza kuitunga hiyo jana usiku ukichambua kabichi."

"Sijaitunga."

"Basi irudie. Polepole."

Nikarudia.  "Hak-su. Ni mama yako. Nimejua kuandika. Siku ya harusi yako nilikuja. Nilisimama kituo cha basi, ng'ambo ya ukumbi..."

"Mwanzo ulisema alikaa."

 Nikafumba macho kuitafuta ile karatasi kichwani, mstari wa nne, upande wa kulia unakopanda. Nilikuwa nimeisoma mara mia, kitandani, sokoni, kwenye treni za chini ya ardhi. Nikaona zambarau tupu. Mama yangu alikuwa na magoti mabovu, angekaa. Lakini kama alitaka kuvuka, angesimama. Hak-su alikuwa ameinamia mbele, ananitazama mdomoni, anasubiri.

"Alikaa," nikasema. "Nadhani alikaa."